Bibiane M'Bulonza na Kona ya Treni ya Sange

Huyu tunayemuzika leo, Jumamosi tarehe 12 Novemba 1983, alibatizwa Bibiane. Mwaka 1972, majina ya kizungu yalipokatazwa, kwenye karte yake ya kitambulisho waliandika M'Bulonza, ni kusema binti ya Bulonza. Bwana yake, Télesphore, fundi wa mbao wa Nyalukemba, hapa Bukavu, aliendelea kumuita Bibiane ndani ya nyumba. Hakuna aliyekuja kumufunga.

Alizaliwa Sange, tarehe 14 Mei 1931. Baba yake alitoka Kabare, akashuka bondeni kutafuta kazi, akaipata kwenye reli ya Uvira na Kamaniola. Kila asubuhi alitembea juu ya reli na nyundo, kugonga misumari iliyolegea. Bibiane ndiye alimupelekea chakula. Treni ikipita, alihesabu mabehewa mpaka la mwisho, na la mwisho likiisha kupita alibaki amesimama pale pale. Mama yake alimupigia kelele:

"We Bibiane! Imekwisha kwenda! Unangoja nini tena?"

"Nangoja irudi."

Reli ile ilifungwa kabla ya indépendance, uhuru wa inchi, vyuma vikang'olewa. Bibiane hakupenda tena kushuka Sange.

Alisoma kwa masista, Uvira, toka 1940 mpaka 1945. Hesabu alijua, kuandika alijua, lakini mukasi alijua zaidi. Bwana yake hakusoma. Barua zote za nyumba yao ziliandikwa na mama Bibiane, bwana akatia kidole.

Alipanda Bukavu mwaka 1949 na alishona kwa miaka thelathini na mitatu, kwa mashini moja ya kukanyaga. Alishona robe za ndoa, nguo za shule, na wakati wa abacost, koti la wakubwa lisilo na tai, alishona abacost. Kuna mukubwa mumoja alirudisha ya kwake mara tatu. "Maman Bibiane, hii kitu inanibana." Akamuzungusha, akamuangalia mbele na nyuma, akamujibu: "Haiko abacost inakubana, tonton. Ni bia." Yule mukubwa alicheka kuliko wote, na hakwenda kwa fundi mwingine mpaka leo.

Aliolewa na Télesphore Jumamosi tarehe 18 Julai 1953. Mungu hakuwapa mutoto. Watu walisema maneno. Wao wawili hawakusema. Nyumba yao ilikuwa na viti viwili, na miaka thelathini vilitosha.

Ugonjwa ulianza Februari mwaka huu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Hospitali alilala wiki mbili, halafu munganga akasema arudi nyumbani, asisimame sana. Akalala, akiangalia ukuta. Siku moja bwana alimuuliza anataka nini. Akasema: "Treni ya Sange. Niione inarudi."

Télesphore alichukua ubao akauweka juu ya meza ya kukatia nguo, mbele ya kitanda. Fito za miavuli iliyovunjika zikawa reli. Magurudumu aliyakata kwenye ncha za vibao vya kuzungushia uzi. Ndani ya treni alitia mashini ya saa mbovu ya kuamusha, iliyokuwa bado inazunguka. Mama naye, kutoka kitandani, alikata bonde: veluru ya kijani ikawa majani, kipande cha satini kikawa muto Ruzizi. Alikunja waya ikawa mutu mudogo mwenye nyundo, bwana akamusimamisha kando ya reli. Gare, stesheni ya Sange, ilitoka kwenye katoni ya sabuni.

Lakini ubao ulikuwa mwembamba, sentimetre sabini tu, na treni ilipaswa kugeuka pale pale. Télesphore alipiga musumari katikati, akafunga uzi, akachora kona ya mviringo kama sahani. Treni ilitoka gare vizuri. Ilipofika kwenye kona, ikaruka, ikaanguka ndani ya Ruzizi. Akanyoosha fito. Ikaanguka. Akafupisha mabehewa. Ikaanguka.

"Télesphore," mama akasema, "mukono wa nguo haukatwi hivyo. Kona inaanza polepole, inakaza katikati, halafu inalegea tena. Ukiipiga gafula, inavuta kwapani."

"Chuma haiko kitambaa, mama."

"Na kwapa haiko sahani, papa."

Kesho yake mama alikata patro, mufano wa kufuata, kwenye karatasi ya mufuko wa simenti, akitoboa na sindano mahali pa kila musumari. Kazi hiyo ilimuchukua siku nzima, kwa sababu ya pumzi. Bwana akasema: "Nitaangalia." Hakuangalia. Sakafu ya chumba haiko sawa, meza ilikuwa inayumba, yeye alifikiri labda ndiyo inaangusha treni. Akakunja karatasi mara ine, akaitia chini ya muguu wa meza. Mutu aliyelala kitandani anaona chini ya meza. Mama aliona. Alisema tu: "Vizuri. Sasa meza imetulia."

Treni ikaendelea kuanguka, Septemba yote na Oktoba yote. Kila mara mama alihesabu mabehewa mpaka kwenye kona tu.

Alikata roho Alhamisi tarehe 10 Novemba, saa tatu ya asubuhi. Bwana yake alikuwa ameshika nyundo.

Jana wamama waliingia kuchukua meza, waweke sahani za wageni wa kilio. Ubao waliutua juu ya kitanda, kwa maana godoro lilikuwa limetolewa. Meza ikatoka, karatasi ikabaki sakafuni. Télesphore aliiokota, akaikunjua. Kona ilikuwa imechorwa kwa misitari miwili. Inaingia polepole, inakaza, inalegea. Na pale inapokaza, misitari imeachana kidogo, unene wa ukucha, kama mushonaji anavyoacha nafasi mwili upumue.

Alifunga mulango, akaweka karatasi juu ya ubao, akapiga misumari upya kwenye matundu yake. Floribert, mudogo wa mama, akabisha.

"Shemeji, fungua. Watu wanasema unalia peke yako."

"Silii. Niko na kazi."

"Kazi gani? Dada yangu bado hajazikwa!"

Alipofunguliwa alitaka kugomba, lakini treni ilikuwa imekwisha kutoka gare. Ilipita kwa baba mwenye nyundo. Ikaingia kwenye kona. Ikainama kidogo, ikageuka, ikarudi Sange. Floribert naye alikulia pale. Alihesabu: "Moja, mbili, tatu." Ikazunguka juu ya kitanda mpaka saa ikaisha nguvu.

Télesphore ameomba haya yasomwe mbele ya watu wote, kwa sababu hakumuambia mama akiwa hai. Ni mama aliyesema kweli. Patro ilikuwa pale miezi miwili, chini ya muguu wa meza.

Amewaacha bwana yake, Télesphore. Mudogo wake, Floribert, na Clémence, binti ya Floribert, aliyemuosha na kumulisha. Na wamama wa Nyalukemba waliovaa kazi ya mikono yake. Hakuacha mutoto. Ameacha kiti kimoja.

Bibiane, kona imekubali. Ilirudi, mabehewa yote matatu. Usibaki umesimama tena. Pumzika.