Vyuma Viwili Nyuma ya Tandiko

Kinyozi hakuwa na gari, hakuwa na mke, wala hakuwa na subira. Alichokuwa nacho ni baiskeli ya milimani aliyoachiwa na marehemu baba yake, na ndani ya basi alimwonyesha mama mmoja aliyeketi kando yake picha ya baiskeli hiyo kwenye simu.

“Iko kwa fundi, mama. Gia mpya, breki mpya, rangi mpya. Itang’aa kama bibi harusi!”

“Ya kale ni dhahabu, mwanangu. Ungeiacha.”

“Dhahabu gani yenye kutu?”

Mama akaisogeza simu karibu na macho. “Na hivi vyuma viwili vilivyochomelewa nyuma ya tandiko?”

“Takataka. Nimemwambia fundi avikate.”

“Marehemu mume wangu alichomelea kama hivi. Ni vya kushikia kiti cha mtoto. Kwenu mlizaliwa wangapi?”

Kinyozi aliitazama picha upya. Alizaliwa peke yake.

“Lakini gia zilikuwa zimekufa,” alijitetea hatimaye, kana kwamba yuko mahakamani, mahakama yenyewe ikiwa mama mmoja na kikapu chake.

“Gia sijazitaja.”

Basi likasimama. Kinyozi akashuka kituo kisicho chake, simu sikioni. “Fundi, weka msumeno chini! ... Umeshakata? ... Usivitupe. Nakuja.”