Mama Perpetua Mu Yein, Aliyevua Shaba Akaivaa Tena

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani wa Daw Kleh, pamoja nanyi mliovuka mpaka kutoka Thailand kuja kumsindikiza mama yetu, mimi Veronika Mu Lar, binti yake wa kwanza, nimetumwa na familia niwaeleze safari yake.

Marehemu Perpetua Mu Yein alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Daw Kleh, wilaya ya Demoso, mtoto wa tatu wa Mzee Khun Baw na Bibi Mu Nang, akabatizwa katika kanisa hili lilipokuwa bado la mianzi. Mwaka 1964, mifupa ya kuku iliyopigiwa ramli ilipoonyesha siku njema, alivishwa shingoni mizunguko yake ya kwanza ya shaba, na bibi alisimulia kwamba hakulia, ila aliuliza kwa hasira, "Mbona ya dada ni mirefu kuliko yangu?" Alisoma kwa katekista hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1969, akawa mkulima wa mtama na mfumaji hodari, na shaba ikazidi kuongezwa kadiri alivyokua.

Tarehe 5 Februari 1977 alifunga ndoa na baba yetu, Paskali Khun Du, seremala, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Tomasi na Klara. Baba alipenda kuwaambia wageni kwamba ameoa mwanamke asiyeweza kumwinamia mtu, na Mama alikuwa akimjibu, "Uliniona hivi hivi, ukaja mwenyewe na nguruwe wako wa mahari!"

Mwaka 1989 vita vilitutoa hapa, tukavuka mpaka, tukapokewa katika kijiji walichokuja watalii kutazama wanawake wenye shaba, na kazi ya Mama ikawa kuketi kwenye kitanda cha kufumia kutwa nzima akipigwa picha. Baba alifariki huko mwaka 1996 kwa malaria, Mama akatulea peke yake.

Mwaka 2004 nilipata nafasi ya kusomea uuguzi katika kambi ya wakimbizi, nami wakati huo nilikuwa nimevaa shaba kama yeye, hivyo msimamizi wa kijiji akanikataza kutoka, akisema, "Watalii wanakuja kuona shingo, hizi zikiondoka nitawaonyesha nini, mbuzi?" Tarehe 17 Agosti, kwenye lango la kijiji, mbele ya watu wote, Mama alimwomba jirani yetu Mama Mu Sar amfungue shaba, ingawa tangu utotoni tuliambiwa mwenye kuivua shingo humlegea akafa, na ilipotoka mizunguko ya mwisho wanawake walipiga kelele, "Mshikeni kichwa jamani!" Shingo yake ilikuwa imepauka, alipata kizunguzungu, akajishika kidevu kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akaiweka shaba kwenye meza ya msimamizi, akamwambia, "Shingo ulizozitaka hizi hapa. Mimi na mwanangu tunapita." Yule bwana alicheka, akasimama langoni kutuzuia, ndipo Mama Mu Sar akaketi chini akasema, "Haya, sasa nifungueni na mimi," na nyuma yake wakapanga foleni wanawake wa kijiji kizima, wenye shaba zao, na msimamizi akaondoka langoni bila kuambiwa. Nilianza masomo juma lililofuata, na baada yangu wasichana wengine wakasoma.

Novemba 2012 Mama alirudi hapa kwao, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka hamsini na mitano, alivishwa shaba upya, jambo lililotushangaza hata sisi wanawe, akatuambia, "Kule nilivaa kwa ajili ya wenye kamera. Hapa navaa kwa sababu mama yangu alivaa, na kwa sababu nimependa. Mnanidai nini?" Wajukuu wake wa kike hakumlazimisha hata mmoja, mmoja amevaa, wengine hawakutaka, na wote aliwafundisha kufuma.

Alianza kuugua figo Mei 2018, nikapata neema ya kumwuguza kwa ujuzi alionipigania, na alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 2019, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, sote tukiwa tumemzunguka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Loikaw, Baba Paroko, majirani mliotupikia na kutuchotea maji, wafumaji wenzake, na wazee wanaompigia ngoma ya shaba, ambao tunawaomba wasiipige kwa huzuni, waipige kwa nguvu, maana tunamsindikiza mshindi.

Lala kwa amani, Mama yetu, kichwa juu.