Albamu ya Binti wa Sindano

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la Fundi Redio, na kahawa ni birika moja kwa wote. Jana hatukubishania mpira. Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuja ameshika simu kama mtu aliyebeba yai. Binti yake mpiga piano katoa albamu ya jazi, nyimbo nane, zote katunga mwenyewe. Alimtumia baba yake tangu mwezi uliopita. Sindano hakuifungua, kwa sababu hawajasemeshana tangu binti aache kushona. Jana uzalendo ukamshinda. Fundi Redio akaichomeka simu kwenye spika kubwa.

— Sikieni mkono wa kushoto unavyotembea! akasema Profesa, ambaye jina hilo kalipata kwa ubishi tu. Wa kulia unautania.

— Mimi sielewi kitu, akasema Fundi Redio, lakini nywele zimenisimama.

Wimbo wa tano, piano ikanyamaza ghafla. Fundi Redio akachomoa bisibisi, akaanza kufungua spika.

— Waya umekatika.

— Umeme mdogo, nikasema mimi.

— Washamba nyie! akasema Profesa. Piano inafikiri.

— Au mpigaji kaenda kunywa maji?

— Katikati ya wimbo?

— Msanii mkubwa haombi ruhusa!

— Hebu nyamazeni, akasema Sindano. Anabadilisha uzi.

Tukamtazama. Piano ikarudi taratibu, tiki, tiki, kisha mbio. Fundi Redio kabaki na bisibisi mkononi.

— Hapo anakanyaga pedali, akasema Sindano. Hiyo cherehani yangu. Alikuwa akikaa chini yake, mdogo hivi.

Machozi yakamtoka, hakuyaficha. Tulifurahi kupita kiasi.

— Dunia nzima inasikiliza cherehani ya mtaa wetu! akasema Profesa. Wataiweka makumbusho.

— Na benchi je?

— Benchi nalo! Na sisi tuliolikalia!

Mama mmoja akaja kuchukua gauni lake. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho.

— Nani anapiga hivi?

— Binti yangu, akasema Sindano kwa sauti.

— Hongera, baba. Amesemaje ulipomwambia umeipenda?

Profesa akatazama kikombe chake.

Sindano akafuta uso kwa kiganja.

— Fundi, chomoa huo waya, akasema. Naitaka simu yangu.