Leo Watoto Wamesema Nini? Wasifu wa Marehemu Mwalimu Terui Fusae, 1947–2023

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi walimu mliokuja kutoka mbali katika theluji hii ya kwanza, poleni na asanteni. Mimi ni Kosaka Tokio, mdogo wake marehemu, muuza tofu za soya wa hapa Masuda. Chigusa, binti yake, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu katika waliobaki ni mimi niliyemjua mama yake kwa miaka mingi zaidi. Nimekubali, ila mnivumilie. Nimekuwa mdogo wake kwa miaka sabini na miwili, na mambo yake mengi mpaka leo siyaelewi.

Marehemu alizaliwa hapa Masuda tarehe 3 Februari 1947, mtoto wa kwanza wa marehemu Kosaka Yasaku na marehemu Kosaka Ine. Cheti chake kinasema tarehe 11 Machi. Theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda ofisi ya kijiji, na baba alipofika hatimaye, karani aliandika tarehe ya siku ile. Basi mama alishika Februari, serikali ikashika Machi, na marehemu akiulizwa siku yake ya kuzaliwa alijibu, "Unataka ya nyumbani au ya ofisini?"

Alianza shule ya msingi mwaka 1953. Kwa kweli, walimu wake walimwona mzito wa hesabu. Alipokuwa darasa la tatu alirudi na barua iliyosema kwamba anachelewesha wenzake. Baba aliisoma akiwa amesimama kwenye beseni la tofu, kisu mkononi.

"Unawachelewesha vipi watu, Fusae?"

"Mwalimu kasema tano mara sifuri ni sifuri. Nikamuuliza, zile tano nilizokuwa nazo zimekwenda wapi?"

Baba aliweka kisu chini. Alifikiri mpaka mteja aliyekuwa akisubiri akaanza kukohoa. Mwisho akasema, "Kamuulize mama yako." Mama naye alisema, "Kamuulize mwalimu." Hivyo ndivyo swali lile lilivyozunguka kwetu, na sijui kama liliwahi kupata wa kulijibu.

Alimaliza sekondari Yokote, na mwaka 1965 akaingia chuo kikuu cha Akita kusomea ualimu. Tulidhani atachukua muziki, kwa kuwa aliimba vizuri. Akachukua hisabati. Mama alilia kidogo, akidhani ofisi ya chuo imekosea jina. Alihitimu Machi 1969 na kuanza kazi mwezi uliofuata.

Tarehe 6 Mei 1973 alifunga ndoa na Bwana Terui Morio, dereva wa gari la kusukuma theluji la mkoa. Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache. Kila jioni marehemu alimsimulia makosa ya hesabu ya wanafunzi wake, naye alitikisa kichwa na kusema, "Ehe. Halafu?" Nilimuuliza mara moja kama anaelewa. Akaniambia, "Hata kidogo. Lakini halafu ndiyo tamu." Walijaliwa mtoto mmoja, Chigusa, mwaka 1976. Shemeji alitutoka mwaka 2012.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua kuliko mimi. Mwaka 1989 marehemu alikuwa na jina zuri, na ilikuwa inasemwa kwamba mwaka utakaofuata angekuwa naibu mkuu wa shule. Tarehe 9 Novemba alifundisha somo la wazi katika Shule ya Msingi Minamizawa, darasa la tano, kujumlisha sehemu. Walimu zaidi ya sabini walisimama nyuma na pembeni, kila mmoja na karatasi yake ya kuandikia. Mimi nilikuwepo kwa kuwa nilipeleka tofu za chakula cha mchana, nikachungulia mlangoni.

Aliandika ubaoni nusu kujumlisha theluthi. Mtoto mmoja akatoa jibu la kitabuni, tano ya sita. Vizuri. Hapo msichana aitwaye Nazuna akasimama.

"Mwalimu, mimi sikubali. Juzi nilirusha mpira kikapuni mara mbili, ukaingia mara moja. Hiyo ni nusu. Jana nikarusha mara tatu, ukaingia mara moja. Hiyo ni theluthi. Ukijumlisha, nimerusha mara tano, nimeingiza mara mbili. Mbili ya tano! Hiyo tano ya sita inatoka wapi? Mimi sijaingiza tano!"

Watoto walicheka, lakini Nazuna hakuwa anatania. Dada yangu alitazama ubao. Akamtazama Nazuna. Akatazama ubao tena. Ndipo akasema mbele ya wale watu wote, "Nazuna, umenichanganya. Nani mwingine amechanganyikiwa?"

Mikono ikainuka, kwanza mitatu, halafu karibu darasa zima. Walibishana mpaka kengele ikalia. Mmoja alichora vikapu, mwingine akalia kwa hasira, wawili walikataa kwenda kula. Jibu halikupatikana.

Katika kikao cha baada ya somo, mkaguzi mmoja alisema, "Mwalimu Terui, watoto wamekwenda nyumbani na kosa." Marehemu akainamisha kichwa kwa heshima na kujibu, "Ndiyo, mheshimiwa. Lakini wamekwenda nalo wote, na hakuna aliyeliacha darasani."

Unaibu haukuja. Aprili 1990 alihamishiwa Shule ya Msingi Utsunosawa, mlimani, yenye wanafunzi kumi na tisa. Sisi nyumbani tuliona aibu. Nilimwambia, "Dada, si ungempa tu lile jibu la kitabu?" Akaniambia, "Tokio, lile lilikuwa somo langu zuri kuliko yote." Nilidhani ni huzuni inayosema. Alikuwa anacheka.

Huko Utsunosawa ndiko alikomkuta Mwalimu Wakui Setsuyo, aliyeketi hapo safu ya pili na amenipa ruhusa niyaseme haya. Mwalimu Wakui alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kabla ya kila kipindi cha hesabu aliingia chumba cha kuhifadhia vifaa, akalia, akanawa uso, akaenda kufundisha. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Marehemu aliposikia, aliomba kuketi nyuma ya darasa lake. Aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu, akaandika maneno ya watoto tu. Baada ya somo hakutoa shauri lolote.

Siku moja Mwalimu Wakui alikuja dukani kwangu akiwa amefura.

"Kaka, dada yako ananicheza shere?"

"Kafanya nini tena?"

"Nimemwambia, nieleze nimekosea wapi. Ananijibu, 'Yule mtoto wa dirishani leo amesema "aa?" mara tatu. Ulimsikia?' Basi! Wiki nne sasa! Mimi nataka kusaidiwa, yeye ananihesabia aa!"

Nilimwambia ukweli, kwamba hata sisi nyumbani anatufanyia hivyo hivyo. Tulikunywa chai tukamsema marehemu vizuri sana, kisha akaondoka na vipande viwili vya tofu.

Wiki iliyofuata, kwa hasira, kama anavyosema mwenyewe, alimgeukia yule mtoto wa dirishani akamuuliza, "Haya, hiyo 'aa' yako ina nini?" Mtoto akaeleza. Maelezo yake hayakuwa kwenye kitabu chochote. Mwalimu Wakui hakuyaelewa, akawaomba wenzake wamsaidie kuelewa, na kipindi kikaisha hajaangalia saa hata mara moja. Ile barua ya kuacha kazi hakuipeleka. Alifundisha miaka kumi na tisa zaidi, na kwa maneno yake, watoto wa Utsunosawa walianza kumfuata mpaka nje wakati wa mapumziko ili wamalizie ubishi wa hesabu.

Marehemu alistaafu Machi 2007. Baada ya hapo alizunguka na gari lake dogo jeupe katika shule thelathini na moja, akiketi nyuma ya madarasa, pale alipoitwa na hata pale asipoitwa. Nilimuuliza anawafundisha nini walimu hao. "Siwafundishi," akasema. "Sasa unakwenda kufanya nini?" "Kusikiliza nao." Niliacha kuuliza.

Mwaka 2019 kumbukumbu zake zilianza kupotea. Namba ndizo zilizotangulia kuondoka, jambo lililotuumiza na kutushangaza. Mwaka jana alihamia nyumba ya kutunzia wazee, na kufikia kiangazi cha mwaka huu hakunitambua tena. Nilipoingia alisimama, akainama, akaniuliza, "Habari za safari, mwalimu. Unafundisha shule gani?"

"Dada, ni mimi, Tokio."

"Mwalimu Tokio. Haya, leo watoto wamesema nini?"

Aliningoja kwa adabu, kisha uso wake ukasawijika kama wa mtu aliyenyimwa kitu. Niliporudi kesho yake akaniuliza tena, vilevile. Basi nilianza kusimama mlangoni mwa duka saa tisa alasiri, watoto wa shule wanapopita, mzee mzima na aproni, nikisikiliza. Niliandika nyuma ya karatasi za oda. Mmoja alisema hakuna namba kubwa ya mwisho kwa sababu kaka yake ataongeza moja kwa ukorofi tu. Nilimpelekea hiyo. Alicheka mpaka muuguzi akaja. Nilifanya hivyo miezi mitatu, karibu kila siku, na sikujua kama ninamdanganya au la.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwa nimonia, Chigusa akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa njiani.

Ameacha binti mmoja, Chigusa, na mkwewe, Bwana Hatakeyama Kengo. Wajukuu wawili, Ritsu na Nao. Mdogo wake, ambaye ni mimi, na mke wangu Tamiko, wifi yake. Pamoja na walimu ambao hatukuweza kuwaorodhesha.

Karatasi ya siku ile bado ninayo mfukoni, haikumfikia. Mtoto wa darasa la pili alikuwa anamwambia mwenzake, "Bibi yangu ana miaka sabini, mimi saba. Ni mara kumi yangu. Mwakani mimi nane, yeye sabini na mmoja, hata mara tisa hafiki. Kumbe namkaribia! Nitamfikia lini?" Mwenzake akasema, "Humfikii, mjinga wewe, na yeye anaongezeka." Wakapita wakibishana.

Nimeifikiria tangu Jumanne. Marehemu alinizidi miaka minne siku zote, na sasa yeye haongezeki tena.

Dada, ndivyo walivyosema watoto. Pumzika salama.