Keki Iliyozama Katikati

Kaa hapa usikilize, ila usikalie upande wa kushoto, benchi lina msumari. Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi tunayemwita Nyembe. Asubuhi hii tulikuwa watatu na birika la kahawa: Nyembe mwenyewe, fundi viatu Mzee Gundi, na mimi nimepakata sufuria. Ndani kuna keki ya matunda imezama katikati kama godoro la gesti. Ya tatu wiki hii. Mama alikuwa anaipika kila sikukuu, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, hajaandika popote. Sasa yuko nchi ya mbali kikazi, mwaka wa pili huu. Sikukuu ni Jumapili, na mdogo wangu wa kike kila akiamka ananiuliza, “Kaka, tutakula keki ya mama?”

NYEMBE: Dogo, hii umeikalia njiani?

MIMI: Imezama yenyewe, ikiwa motoni.

GUNDI: Zabibu uliloweka?

MIMI: Tangu jana, kwenye chai ya rangi. Tende nimekatakata, ganda la chungwa nimekwangua. Kama yeye.

NYEMBE: Basi ni unga. Unga wa siku hizi unasafiri mno kwenye malori. Ukifika hapa umechoka, unalala.

GUNDI: Wacha uongo. Mama yake anatumia shoto, huyu kakoroga kwa kulia. Keki imezungushwa kinyume, imeshikwa na kizunguzungu.

NYEMBE: Halafu mama yake alikuwa anaimba akikoroga. Nilikuwa nasikia mpaka hapa kibandani. Kuna mteja alitikisa kichwa kufuata wimbo, nusura nimtoe sikio. Wewe uliimba?

MIMI: Sikuimba.

NYEMBE: Umeona? Imepikwa kimyakimya, ikadhani kuna msiba.

GUNDI: Msiba wa nani, na mtu yuko kazini? Chunga mdomo wako. Dogo, mfuniko uliufunua?

MIMI: Kidogo.

GUNDI: Mara ngapi?

MIMI: Sijui, mzee wangu. Nyingi.

GUNDI: Ndo hapo. Ulikuwa unachungulia nini?

MIMI: Nilikuwa nanusa. Yake ikikaribia kuiva, nyumba nzima inabadilika harufu, mpaka mapazia. Nilitaka nijue kama imefika.

Hakuna aliyecheka. Nyembe akanimiminia kahawa ambayo sijaomba.

Hapo akafika dada mmoja mshonaji, kahamia mtaani juzi, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Alisimama anasubiri kikombe, kumbe katusikia wote.

MSHONAJI: Samahanini. Kwani huyo mama hana simu?

MIMI: Anayo. Tunaongea kila Ijumaa.

MSHONAJI: Sasa si umuulize?

Nyembe akamtazama Gundi. Gundi akageuza kiatu alichokuwa ameshakimaliza, akaanza kukigonga upya. Mimi nikafunika sufuria.

Ningemwambiaje yule dada? Ijumaa iliyopita mama alisema ameomba ruhusa kazini, akipewa anakuja. Hajasema kama kapewa. Nikimuuliza keki yake inapikwaje, si ndo nimemwambia huku tumeshakubali kwamba haji?

Na Ijumaa yenyewe ndo leo. Simu inaingia jioni, mdogo wangu atakuwa amekaa pembeni yangu. Wewe ungeuliza?