Mwamuzi Aliyekunja Mikono Kifuani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama kwenye kona ya uwanja wa mpira wa wavu, mwamuzi wetu wa mstari anastaafu Ijumaa hii. Nimeombwa niandike wasifu wake. Nimeuanza mara nne, na kila mara nachanganyikiwa palepale.

Tuanze na yaliyo rahisi. Aliajiriwa kufunga nyavu, akaazimwa kibendera siku mwamuzi mmoja alipougua tumbo, na hakukirudisha tena. Kibendera chini, mpira umeingia; kibendera juu, umetoka. Hakuwa na mbwembwe. Waamuzi wapya aliwafundisha kukodolea macho mstari na kuuacha mpira, kwa sababu mpira utakuja wenyewe. Chai aliinywa imepoa siku zote, maana ubishi wake na mtunza alama ulikuwa hauishi.

Sasa, ile fainali. Ni miaka kumi na tisa iliyopita, seti ya tano, timu ya walimu ina pointi kumi na nne, ya wauguzi kumi na tatu. Mwalimu mmoja akapiga mpira, ukaangukia kwenye kona ya mwamuzi wetu, na mgongo wa mchezaji ukamziba asiuone. Akakunja mikono kifuani, ishara halali kabisa ya mwamuzi ambaye hakuona. Lo! Ukumbi mzima ulimzomea. Tangu hapo anaitwa Sikuona, hata na watoto wa jirani.

Mwamuzi mkuu, juu ya kile kiti kirefu, nilikuwa mimi. Nilipuliza filimbi, nikaonyesha kwamba mpira umeingia, walimu wakabeba kombe. Nikasifiwa kwa macho makali, nikapandishwa cheo.

Wiki iliyopita nilipita kwake kuchukua picha ya wasifu huu. Mkewe alinikaribisha huku akicheka, akasema, "Shemeji, huyu siku ile hakuuona mpira, lakini wewe alikuona. Ulikuwa unapiga chafya!" Mumewe akanyanyuka haraka kwenda chumbani kutafuta picha, na picha yenyewe ilikuwa pale mezani.

Nilitoka pale sijijui sijitambui. Miaka yote hiyo alijua, na hakunisema! Kabla sijaondoka nilimuuliza kwa nini, akajibu tu kwamba kiti changu hakikuwa kona yake. Mpaka naandika hapa sijaelewa.

Basi niseme mwenyewe. Nilipiga chafya, macho yakajifumba. Sijui kama mpira ule uliingia au ulitoka, na kanuni ilitaka pointi irudiwe. Wauguzi, nisameheni. Kati yetu wawili aliyesema kweli ni yeye, na aliyezomewa ni yeye huyohuyo. Roho inaniuma.

Ndugu yetu, asante kwa kazi yako. Sote tunakuombea afya na ustaafu wa raha, wewe na shemeji yangu. Ijumaa, kabla hujakabidhiwa zawadi, nitasimama mbele ya watu niyarudie haya kwa mdomo wangu, kisha nikuombe radhi.