Kondoo Aliyepelekwa Polisi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Chifu, wachungaji, wazee wetu wa Kajiado, ndugu zangu wa Kitengela mliofika mapema na ninyi mliofuata harufu ya nyama: sopa oleng!

Mmenisifu mpaka nikageuka kuangalia ni nani huyo anayesifiwa. Afisa wa probesheni akistaafu hupewa blanketi, nami nimelipokea kwa mikono miwili. Lakini niruhusuni niwasumbue kidogo kabla ya sahani.

Mnamjua Musila, fundi wa mageti pale stendi. Mwaka wa tisini na saba aliiba kondoo wa Mzee Kisemei, akafungwa. Serikali ikamlisha, ikamvisha, ikamwekea askari usiku na mchana. Je, kuna mtoto wa tajiri hapa Kitengela anayelindwa hivyo? Na siku ya kutoka alipewa nini? Nauli, basi.

Mzee Kisemei akamtafuta, akampa kondoo jike. Musila naye alimvuta kondoo moja kwa moja hadi kituo cha polisi. "Afande, huyu sijaiba, andika!" Sajenti akawafungia wote wawili. Ikabidi mzee aje mwenyewe, akicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Afande, nimempa. Kwetu ukimpa mtu kondoo, mnaitana Paker mpaka kufa. Sasa nitamwitaje mwizi?"

Watu walipomsikia mzee akimwita hivyo sokoni, wakaanza kumpa kazi. Leo ameajiri wenzake na analipa kodi. Nyinyi mnaopanga bajeti, niambieni: kipi ghali, kondoo mmoja, au kumfunga mtu yule yule kila mwaka?

Ijumaa hii anatoka gerezani kijana aitwaye Oscar. Mamake alihama, mfuko wa ofisi ni mtupu, na mimi sina ofisi tena. Akikosa wa kumpokea atarudi ndani, na hilo linaniuma. Wengi hamjui alifungiwa nini. Ndiye aliyevunja nyumba yangu kule Nkoroi. Nilikasirika, tena sana, na mpaka leo mlango ukilia nashtuka.

Kondoo sina. Niko na kuku wa mayai, na Mzee Kisemei ananiambia kwao hakuna jina la kupeana kuku. Basi mimi na Oscar tutalitunga. Ijumaa asubuhi nitakuwa langoni, kuku kwapani, na sitaki kusimama pale peke yangu.

Asanteni kwa kunivumilia. Atakayekuja nami aniambie sasa hivi, kabla hajala.